Chumba cha Kupanga Nacho Kina Hodi

Ipo asubuhi moja ninayoikumbuka, mwanangu, niliyoondoka Iguguno bila kujua niendako. Nilidandia lori la alizeti. Enzi hizo biashara ilikuwa imeshaachwa huria, mitumba imejaa kila gulio, na kijana aliyeacha shule kama mimi aliweza kuamkia popote. Lakini siku hiyo sikufuata biashara. Nilikimbia macho ya watu.

Jana yake, nikiwa mnadani nauza mitumba, polisi walikuja nyumbani nilikopanga kutafuta redio iliyoibwa dukani. Mwenye nyumba wangu akawaambia, "Mgeni hapa ni yule wa chumba kile," akawafungulia chumba changu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone; huyu alipona kwa kunitoa mimi. Niliporudi nilikuta vitu vyangu uani, godoro limechanwa, kanga ya marehemu mama imetupwa juu ya kuni. Redio haikuwemo. Wapangaji wenzangu wakacheka, "Kumbe bwana mitumba ana mke! Umemficha wapi?"

Nikaanza kuokota vitu vyangu. Ningewaelezaje kwamba kanga ile ndiyo niliyojifunika nikikosa usingizi? Jioni hiyo salamu zikakauka. Mgeni akishapekuliwa, ni mwizi hata asipokutwa na kitu.

Lori likanishusha Manyoni. Sikumjua mtu, nikafuatana na watu waliokuwa wakienda Kilimatinde kwa miguu. Huko nikaelekezwa kwa bibi mmoja mjane aliyepangisha vyumba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Godoro hilo umegombania na fisi?"

Nikamsimulia. Nilitegemea pole, nikapata karipio.

"Na wewe ukaokota tu, kama kuku na mtama? Hati ya upekuzi uliiona? Mjumbe wa nyumba kumi aliitwa?"

"Bibi, mimi mpangaji tu."

"Mpangaji tu! Nyumba hii aliijenga mume wangu, lakini ukishaingia chumbani nitapiga hodi kama jirani. Usipoitikia, nitarudi zangu."

Akanionyesha chumba. Kilinuka majivu, na popo walikuwa darini. Nikafunga mlango, nikakaa chini. Upweke ulikuwemo, lakini safari hii ulikuwa wangu mwenyewe.

Mwanangu unayepanga leo, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nawe uidai yako kwa adabu. Polisi wakija, usikimbie wala usimshike mtu shati. Waulize wanatafuta nini, uombe kuona hati, aitwe mjumbe au jirani ashuhudie, nao waonyeshe mikono na mifuko yao kabla ya kuingia, wasije wakakuwekea kitu. Wakisema ni dharura, ulizia majina yao na kituo watokako, kisha simama hapo hapo mpaka wamalize. Nawe mwenye nyumba, ukishapokea kodi, mlango ule si wako wa kuwafungulia watu wakati mpangaji hayupo.

Mungu akujalie mlango wa kufunga, mwanangu, na mtu wa kukupigia hodi.