Nilizifuta dakika kumi na nane, nahodha akaadhibiwa

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Nina miaka arobaini na tatu, Mkenya, baba wa watoto wawili, naishi Rissne hapa Stockholm, na kazi yangu ni kuhudumia wazee katika makao yao. Nimesoma visa vya wenzangu hapa kwa muda mrefu nikidhani mimi sitakuwa na cha kuandika. Leo ninacho, na nikikificha zaidi kitaniumiza.

Nilipofika Sweden miaka minane iliyopita sikuwa na mtu. Aliyenipokea ni mwanaume ninayemwita hapa Wafula, ambalo si jina lake. Alinilaza kwake Rinkeby miezi saba, akalala sebuleni yeye na kunipa mimi chumba. Ndiye aliyenirudisha kwenye kriketi pia, mchezo niliouacha shuleni Nairobi. Alikuwa ameanzisha timu ya watu wa kwetu, Wakenya, Waganda na Warundi wawili ambao kriketi waliijulia hapa hapa. Goti liliponisumbua nikaacha kucheza, nikasomea kazi ya mwamuzi.

Kwa msiojua mchezo huu: mipira sita inayorushwa ndiyo ova moja, na timu inayorusha inatakiwa imalize ova kadhaa kwa saa. Ligi yetu ndogo iliiga kanuni za mechi za mataifa, zile za siku tano. Ukichelewa, timu inapokonywa pointi moja kwa kila ova iliyopungua, na nahodha anafungiwa mechi. Wengi wanalalamika kwamba si haki mtu mmoja kubeba kosa la watu kumi na mmoja. Lakini kanuni ina huruma yake: muda uliopotea kwa sababu ya majeruhi, mwamuzi anautoa kwenye hesabu. Huruma hiyo iko mkononi mwa mwamuzi peke yake.

Mwezi wa sita nilisimamia mechi moja, na baada ya mechi nahodha mmoja akaniambia mbele ya watu, "Nyinyi Waafrika mnabebana." Nilirudi nyumbani nikiwa nimeapa kwamba hakuna atakayeniambia hivyo tena.

Wiki tatu baadaye nikapangiwa mechi ya Wafula, na aliyeongoza timu pinzani ni nahodha yule yule. Nilipaswa kukataa, sikukataa. Mchana mpigaji wa wapinzani aligongwa na mpira chini ya jicho, akaanguka. Wa kwanza kumfikia alikuwa Wafula. Alivua sweta lake akalikandamiza kwenye jeraha kuzuia damu, akamshika kichwa kisitikisike, akawa anamwambia polepole, "Niangalie mimi, usifunge macho," hadi ambulensi ikaja. Niliandika kwenye kijitabu changu: dakika kumi na nane.

Mwisho wa siku timu ya Wafula ilikuwa nyuma kwa ova nne. Ukitoa zile dakika, hawakuchelewa hata ova moja. Mwamuzi mwenzangu alikuwa mgeni wa kazi, mambo ya saa aliniachia mimi. Nilipokuwa najaza fomu, yule nahodha akaja akasimama nyuma yangu. "Huyu ni ndugu yako, sivyo?" akasema. "Tuone leo." Kwenye nafasi ya muda uliopotea nikaandika sifuri.

Wafula alikuja kutia sahihi. Akauliza kwa upole, "Zile dakika za yule aliyeumia umezitoa?"

Nikamwambia, "Nimehesabu kila kitu."

Akaniangalia kidogo. "Kama ni wewe umehesabu, basi ni sawa." Akatia sahihi. Hakukata rufaa.

Pointi nne zilipotea, timu ikakosa fainali kwa pointi mbili. Wafula alifungiwa mechi iliyofuata. Wachezaji walikutana kwenye ukumbi mmoja Tensta wakamvua unahodha, wakisema anaongea sana na warushaji, anapanga watu uwanjani kama anapanga vyombo. Timu aliyoizaa mwenyewe. Kanisani bado ananishika mkono. Jumapili moja aliniambia, "Labda kweli nimezeeka. Siku ile sikuhisi kabisa kwamba tunachelewa."

Nilimweleza mke wangu. Akasema, "Baba Imani, hukumwogopa Mungu, ulimwogopa yule mwanaume aliyesimama nyuma yako." Anataka niseme. Rafiki yangu mmoja, naye mwamuzi, anasema ninyamaze, kombe limeshatolewa, nikikiri nitafukuzwa na mechi zote nilizosimamia zitatiliwa shaka, na Mwafrika mwingine hatapewa tena koti wala kofia ya uamuzi.

Ningeweza kuendelea kunyamaza, ila Jumanne Wafula alikuja kwangu na karatasi. Ameandika barua ya kuwaomba radhi wachezaji kwa kuwagharimu fainali. Akasema Kiswahili changu ni kizuri kuliko chake, nimrekebishie. Nilikaa naye mezani, mke wangu akatuwekea chai akatoka chumbani. Nikamrekebishia. Palipoandikwa "kosa letu" alitaka iwe "kosa langu," nami nikapafuta kwa mkono wangu nikapaandika alivyotaka. Aliponishukuru nilijifanya natafuta miwani.

Barua hiyo ataisoma Jumamosi mbele ya timu nzima. Kijitabu ninacho, ukurasa wa zile dakika haujachanika. Nikimwambia kabla ya Jumamosi nampoteza, na sijui kama ana nguvu za kusikia. Nikienda kwanza kwa kamati ya ligi, atalisikia kwa watu. Nikinyamaza, atasimama pale aombe msamaha wa dhambi yangu.

Mnaosoma hapa, matusi nitayapokea, yananistahili. Lakini mkishamaliza kunitukana, nishaurini: nianzie kwa nani, na nianze na neno gani?