Kimya, Mama Ananyonyesha

Ubao ulipigiliwa misumari juu ya mlango wa banda la nguruwe waliozaa, kwa herufi kubwa nyeupe: KIMYA. MAMA ANANYONYESHA. Meneja aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, na ieleweke tangu mwanzo kwamba mama aliyekusudiwa hakuwa mmoja wetu.

Ilikuwa miaka ya sabini, kwenye shamba la nguruwe njia ya kwenda Songwa, lililouza nyama kwa watu wa migodini. Sisi wanawake tulifagia, tukabeba maji na pumba. Ukidondosha ndoo karibu na lile banda, meneja alikujia juu kama vile umeua mtu. Na hapo, nisimsingizie, hakukosea. Nguruwe anayenyonyesha ana utaratibu wake. Hulala ubavu, huguna taratibu kuwaita watoto, nao hukimbilia kila mmoja chuchu yake ileile ya jana; akimkuta mwenzake ameishika, ni vita. Wanamsukuma kwa pua, mama anazidi kuguna, haraka haraka, ndipo maziwa yanashuka, tena kwa muda mfupi tu. Akishtushwa kabla ya hapo hayashuki, na watoto wanabaki kulilia chuchu kavu. Watoto wasiponyonya hawanenepi, na wasiponenepa meneja hana cha kuuza.

Nami nilikuwa na mtoto mchanga. Nilimwacha kijijini Maganzo kwa mama mkwe wangu, akinyweshwa uji mwepesi. Nguruwe alipozidisha mguno, maziwa yangu nayo yalishuka. Gauni lilinilowa kifuani, nimeshika fagio, na mwenye maziwa yake yuko mbali analia. Kila nikirudi jioni nilimwona amezidi kuwa mwepesi mikononi. Hasira ya siku zile sijaimaliza hadi leo.

Nikamfuata meneja. Nikampa shikamoo, ingawa tulikuwa karibu rika moja, kwa sababu mwenye shida ni mimi. Nikaomba nimlete mtoto, nimnyonyeshe palepale kazini.

“Saa za kazi ni za kazi,” alisema. “Anayelipwa huku amekaa kitako ni mnyonyaji.”

Mnyonyaji! Wakati ule redio ilihubiri neno hilo asubuhi na jioni, maana yake mtu anayekula jasho la wenzake. Mimi, ambaye maziwa yangu yalidondoka kwenye sakafu ya banda lake, ndiye mnyonyaji! Wenzangu waliangua kicheko, na hata mimi ningecheka kama tusi lingekuwa la mtu mwingine.

Kesho yake nilikuja na mtoto mgongoni. Nguruwe alipoanza kuguna, nilipindua ndoo, nikaikalia chini ya ule ubao, nikampa mwanangu ziwa. Alilishika kwa pupa hadi akapaliwa. Meneja akatokea anafoka. Mama mmoja wa Kisukuma, tuliyekuwa tukifagia naye, akaunyooshea ubao kidole.

“Babehi! Jamani, polepole, bwana meneja. Si umeandika kimya?”

“Huo ni wa nguruwe!” akapiga kelele.

Ndani, mguno ukakatika. Watoto wa nguruwe wakaanza kung'atana na kulia, banda zima. Meneja akaziba mdomo wake kwa kiganja, akaondoka akinyata.

Siku iliyofuata tulikuta ameongeza neno kwa rangi nyekundu: KIMYA. MAMA NGURUWE ANANYONYESHA. Alidhani nitaona aibu, nihame. Aibu ilikuwa yake, mimi nilikuwa na mtoto wa kulisha. Nilikaa chini ya maandishi yale mpaka mwanangu alipoacha ziwa, na kila mara meneja aliponikuta hapo, ilimbidi anyamaze.