Aliyeuvunja Mkono wa Kaka

Mtu aliyemtoa kaka yangu baharini nilimvunja jino. Nasema mapema msije mkaniona mwema.

Meli ilipinduka ikija kwetu Pemba, imejaa watu tele. Wapiga mbizi wa kijiji cha Vitongoji, watu wa kuchokoa pweza, walikwenda bila kuitwa. Mitungi ya hewa hawakuwa nayo; miwani tu na kamba kiunoni. Wakiibuka damu zawatoka puani, watapike, kisha warudi chini.

Kaka aliletwa siku ya tatu. Tulimwosha mie na baba. Tulipomgeuza, mkono wa kulia ukaenda kwengine. Mfupa ulikuwa umekatika juu ya kiwiko. Baba aliangua kilio pale pale. Sote tulifunzwa chuoni, tukisoma Kurani, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Nikaapa kwamba nikimjua aliyefanya vile nitamtoa roho.

Matanga hayajavunjwa, akaja mwenyewe. Mpiga mbizi mmoja, mtu wa makamo, alisimama mlangoni mbele ya watu akasema mkono kauvunja yeye, na kwamba amekuja kuomba radhi. Sikumwacha amalize. Nilimtandika ngumi ya mdomo, alipoanguka nikamkanyaga kifua, na wallahi ningemuua, lau wasingenishika watu wanne. Yeye hakurudisha hata kofi. Alilitema jino kiganjani, akaenda zake.

Tangu hapo, kila mwaka tukimsomea kaka hitima, yule bwana huja. Hukaa karibu na viatu, huitikia dua, na sinia zikitolewa huondoka. Hakutaka kula kwa watu ambao hawajamsamehe. Salamu yake sikuipokea hata siku moja. Watu walinisema sana, nikawaambia wanikome.

Mwaka huu mama alimwita ndani, akataka aelezwe kinaganaga. Ilimbidi apaze sauti, maana masikio ya yule bwana yaliharibika kwa ile kazi. Nami nilisimama pale pale na hasira zangu.

Akaeleza kwamba kaka alipenyeza mkono kwenye vyuma vya dirisha, akitafuta pa kutokea. Ulikuwa umevimba, hauendi mbele wala haurudi nyuma, na meli ilikuwa inazidi kushuka.

"Pumzi zilikuwa zaniishia, Bi Mkubwa," alisema. "Ama nimwache kule na mkono wake mzima, ama nikuleteeni kavunjika mumzike."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Mie nikamwendea yule bwana. Aliponiona nasogea, aliinua mkono upesi kuukinga mdomo wake wenye pengo.

Niliushika mkono ule ule, nikaubusu. Nikamwambia nimemwia radhi, naye aniwie radhi mie, lakini kwa masikio yale hakusikia. Basi nikamvuta hadi kwenye sinia, nikamkalisha kati yangu na mama, nikamwekea nyama mbele yake. Akanawa, akala.