Fungu la Aliye Safarini

Watu wakisikia nimewahi kufika Japani, huniuliza habari za magari. Magari sikuyatazama. Nikiikumbuka Japani nakumbuka sinia moja ya chakula, na sipendi kuikumbuka.

Nimezaliwa karibu na Kwedizinga, Handeni. Baada ya Uhuru nilikata mkonge huko Korogwe mpaka viganja vikawa magome. Siku moja nikasindikiza marobota ya katani hadi bandarini Tanga, nikaona meli ya mizigo, nikaomba kazi ya kuosha vyombo. Mama hakunizuia. Alisema tu, "Nenda mwanangu. Fungu lako litakuwepo."

Alimaanisha chakula. Mama alirithi kwa mama yake kwamba mtu akisafiri huwekewa fungu lake kila siku: bonge la ugali na mboga, limefunikwa kawa, mahali pale pale alipokula mara ya mwisho. Jioni hulila yeyote mwenye njaa. Kesho yake huwekwa jingine.

Huko Japani meli yetu ilishusha katani kwenye bandari kubwa, kisha ikazungukia vibandari vidogo. Wenzangu walinung'unika kwamba hakuna starehe. Mimi nilivipenda. Nilipita vichochoro ambavyo ukinyoosha mikono unagusa nyumba za pande zote mbili. Samaki walianikwa vichanjani kama sisi tunavyoanika muhogo. Niliwaamkia vikongwe shikamoo kwa mazoea, nao wakainama mpaka nikaona haya. Mahali pamoja nilipanda ngazi za mawe hadi makaburini, nikamkuta mwanamke akiyaosha kwa maji na kata, taratibu, kama anayeogesha mtoto.

Mpishi wa meli, Mjapani mwenye hasira za bure, alikuwa mzaliwa wa kimojawapo cha vibandari hivyo. Tulipotia nanga alinivuta mkono, tukaenda kwa mama yake. Tukavua viatu mlangoni. Ndani, juu ya mkeka, palikuwa na sinia ndogo: wali, kipande cha samaki, na bakuli la mchuzi lenye kifuniko. Yule mama hakulia wala hakumkumbatia mwanawe. Alifunua bakuli, akamwonyesha kifuniko kwa ndani, kimejaa matone ya mvuke. Kisha akamsogezea sinia. Mpishi, mtu wa kututukana asubuhi mpaka jioni, akala ameinamisha kichwa.

Baadaye alinieleza kwa Kiingereza chake kibovu, nami nikakipokea kwa changu kibovu zaidi. Mama yake humwekea chakula kila siku. Akikuta kifuniko kimetoka jasho, anajua mwanawe mzima huko aliko. Kikiwa kikavu, hapati raha.

Nilianza kucheka, nikashindwa. Hamu ya mama ilinishika. Nikanunua bakuli jeusi lenye kifuniko, la kumpelekea, nikaomba kuacha kazi.

Nilirudi wakati watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa. Habari hiyo mimi sikuwa nayo. Treni ikapita Mnyuzi, nikashuka Korogwe, nikapanda basi la Handeni, kipande cha mwisho nikatembea. Njia ilikuwa imeota majani. Nikajiambia mvua zimekuwa nzuri. Nyumba ya kwanza haikuwa na paa. Ya pili haikuwepo. Yetu ilibaki kuta, na jikoni mafiga.

Na juu ya lile jiwe nililozoea kukalia, palikuwa na sahani iliyofunikwa kawa.

Nilipiga magoti nikafunua. Kawa lilikuwa limetoka jasho kwa ndani, ugali bado laini. Sijapata kufurahi vile maishani mwangu. Mama mzima! Wote wamehama, yeye kabaki ananingoja, sasa kaenda kutafuta kuni. Nikaita. Nikaliweka bakuli la Kijapani kando ya mafiga, alione akitokea. Nikala kwa pupa, nikicheka peke yangu kama mwehu. Mlenda ulizidi chumvi. Nikapanga kumtania: mama, nimeponea baharini nije kufa kwa chumvi yako?

Aliyetokea kichakani ni mdogo wangu wa kike, amefuata sahani. Aliponiona aliketi chini, mikono kichwani.

"Shikamoo kaka," akasema.

"Marahaba. Mama yuko wapi?"

Akanisimulia. Walipakiwa kwenye lori pamoja na vyombo vyao, wakashushwa ng'ambo ya bonde, penye kijiji kipya. Mama alikataa kuniwekea fungu kule. "Mwanangu huku hapajui," alisema. "Atafikia kwetu, na akute nini?" Kila siku akavuka bonde na sahani yake, jua lake, mvua yake. Masika ikampata njiani, kifua kikambana, akafa mahindi yakiwa bado mabichi. Alimwachia dada neno moja, kwamba fungu lisikatike mpaka nifike.

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nilishindwa kulila, nikashindwa kulitupa. Nilikuwa na hasira na lori, na waliotoa amri, na bahari yote niliyoivuka, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo pale nimgombeze.

Dada akajifuta uso kwa kanga.

"Malizia, kaka," akasema. "Kesho siji tena."