Nguruwe wa Baba Gisèle

Mume wangu hajawahi kumpiga mtu akiwa macho. Kuku akipanda mezani, yeye humwomba ashuke. Hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, analima mihogo na maharage, Jumapili anasimama mlangoni mwa kanisa akiwaonyesha watu viti, na majirani wakigombania mpaka wa shamba wanamwita yeye, kwa kuwa hapandishi sauti.

Usingizi ndio unaompandisha sauti. Ulianza kumbadilisha polepole: kwanza kuguna, kisha kuita, kisha mikono na miguu. Ndoto ni ileile. Yuko kijana kule kwetu Fizi, Kongo, baba yake amemtuma kulinda mihogo, na nguruwe wa pori wanatoka msituni. Basi anawafukuza. Anapiga ukuta kama alivyopiga debe zamani, anarusha mateke, anatupa mto. Asubuhi anawakumbuka nguruwe wote, hata yule mkubwa mwenye sikio lililokatika, lakini hakumbuki kwamba katikati yao nilikuwepo mimi.

Nilitoa panga na jembe chini ya kitanda. Nilihamia upande wa ukuta, nikarudi upande wa nje, maana ukutani hakuna pa kukimbilia. Nikawa nalala kama mama wa mtoto mchanga, na umri huo umeshanipita. Alipoanza nilimwita: "Baba Gisèle, Baba Gisèle, amka." Alizidi kupiga tu.

Msimu wa kupalilia maharage, ngumi moja ikanipata jichoni.

Gisèle, mtoto wetu wa kwanza, msichana mkubwa sasa, alinikuta jikoni nawasha moto nimegeuza uso.

"Mama, mulifanya nini ku jicho?"

"Niligonga mulango."

Akatazama chumba chetu. Hakina mlango. Kina rido tu, pazia la kitenge nililoshona mwenyewe.

"Rido njo ilipiga Mama?"

Kwetu chumba cha wazazi ni cha wazazi. Mtoto haingii, na yanayotokea kitandani hasimuliwi, hata yakiwa ya nguruwe. Ningemwambiaje mtoto namna baba yake anavyolala? Nikapuliza moto, moshi ukanipa sababu ya kufuta macho.

Kuanzia hapo hakumsalimia baba yake. Alikuwa amezoea kumletea maji ya kunawa kabla ya chakula, akaacha. Sahani aliiweka mbele yake kama anavyomwekea mgeni asiyemtaka. Siku moja, akiosha vyombo, alisema kwa sauti ya kumfikia: "Mwanaume akipiga mama yangu tena, nitamushitaki ku polisi."

Baba yake akainuka, akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata.

"Umuambie," nilisema. "Wewe njo baba."

"Nimuambie nini? Ngumi ni ya kwangu." Akautazama mkono wake, mbele na nyuma. "Na kama ni mimi kweli, Mama Gisèle? Kama ndani yangu kuko mutu mwenye sijue?"

Maneno hayo yalinichosha kuliko jicho. Mtoto alikuwa amekwisha kumhukumu baba yake, na yeye alikuwa anaanza kukubali.

Jicho halikupona. Kituo cha afya wakanituma hospitali ya Mbarara. Gisèle akasema atanisindikiza yeye, si mtu mwingine. Baba yake alikuja vilevile, bila kuulizwa na bila kusema. Tuliondoka jua halijatoka, na tulipofika foleni ilikuwa imekwisha kujaa baraza. Yeye akakaa mwisho wa benchi, mbali nasi, akaegemeza kichwa ukutani, akalala.

Karibu yangu aliketi mwanamke mwenyeji, Mnyankore aitwaye Mackline, mke wa askari wa kambi ya jeshi, amembeba mtoto mwenye kikohozi. Alinitazama jicho bila haya.

"Nyabo, hiyo jicho nani alipiga?"

"Mlango."

Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Hata mimi nilisemaga mlango. Lakini yetu ni ya chuma, watu waliamini."

Gisèle akageuka. "Bwana yako anakupigaka?"

"Jovan? Ule anaogopa hata panya. Ni usingizi. Analala, anaanza vita. Juzi alishika mimi kama mfungwa, ati mikono juu. Mimi na mtoto ndani ya blanketi, tukaweka mikono juu." Akamfuta mtoto pua. "Daktari alisema ni ugonjwa ya usingizi. Iko na dawa."

Kabla sijapata neno, mwisho wa benchi ukapigwa kishindo.

"Toka! Toka ku mihogo!"

Baba Gisèle, macho yamefumbwa, alikuwa anapiga benchi kwa viganja. Mguu ukarusha teke, kandambili ikaruka mpaka uani. Watu wakasogea. Mama mmoja akaanza kukemea pepo. Nikamkimbilia. "Baba Gisèle! Baba Gisèle!" Ngumi ikapita karibu na jicho langu zima, nikarudi nyuma. Gisèle alikuwa amesimama, ameona.

"Usishike yeye," Mackline akasema. "Simama mbali, ita jina."

"Si naita?"

"Hiyo ni jina ya mtoto. Yeye anaota yuko wapi?"

"Kwao. Yuko kijana."

"Sasa huko kwao nani anajua Gisèle?"

Tangu tuoane sijawahi kulitamka jina la mume wangu. Katika ukoo wetu mke halitaji. Ni kama kumvua shati mbele za watu. Gisèle naye hawezi, ni baba yake. Tukatazamana, mimi na mwanangu, na baba yake bado anapigana.

"Léopold," nilisema. Halikutoka vizuri. Nikavuta pumzi, nikaliita kama mama yake angeliita kutoka uani, jioni, chakula kikiwa tayari. "Léopold!"

Mikono ikatua magotini.

"Niko," akajibu, sauti ya mtoto. Kisha akafumbua macho, akaona watu, akaniona. "Nilipiga mutu?"

Gisèle alishuka uani, akaokota kandambili, akaiweka mbele ya mguu wa baba yake.

Daktari aliniona mimi, kisha akamwona na yeye. Akampa vidonge, akasema godoro lishushwe chini, nami nilale mbali mpaka atulie. Nalala mkekani upande wa pili wa chumba, na kina mama wa kanisani wameshaanza kusema yao. Nguruwe wamepungua, hawajaisha. Wakija, nalitaja lile jina kutoka mkekani. Bado ni zito mdomoni, na najua Gisèle analisikia ng'ambo ya pazia.

Lakini nimeiruka asubuhi iliyofuata safari ya Mbarara. Baba Gisèle alikuwa amekaa mbele ya sahani, hajanawa. Gisèle akaja na jagi na beseni. Akamimina polepole, akitazama ile mikono.

"Baba," akasema, "nguruwe zilikula mihogo yote?"

Alifikiri kwanza, kama anavyofikiri akiulizwa habari ya mpaka.

"Zilibakisha miti ya kupanda."

Nikawaacha wanakula. Nikaingia ndani, nikalala mchana kweupe.