Mgeni Aliyecheza Kijani

Ilianza Jumapili ya mwisho ya vakansi ya Pasaka, saa tisa za alasiri, kwetu Kimanga, kando ya ziwa. Naandika saa kwa sababu kuna wanaosema niliota. Muntu anaota akiwa ameshika dadu mkononi? Minye si msemaji, hata darasani wakiita jina langu nanyoosha kidole tu. Lakini hili niliona kwa macho yangu, na wenzangu wawili waliona.

Shangazi alikuwa amefika toka Katogota na binti yake Furaha. Hakuja kutembea tu. Alikuja kusaidiana na baba kumwomba bibi akubali tufanye kilio cha baba mdogo Byamungu, mdogo wao, aliyeondoka nyumbani wakati wa vita, sisi hatujazaliwa, asirudi. Miaka yote bibi alikataa. "Mwili wake iko wapi? Nitalilia upepo?" Na kila jioni alimfunikia sahani ya chakula.

Basi wakubwa walikuwa ndani, saloni, wakimbembeleza bibi, na sisi barazani na ludo yetu, mvua ikipiga mabati.

"Katogota munajua ludo, ao munajua mihogo tu?" kaka yangu Trésor alimchokoza Furaha.

"Tupa dadu, weye! Leo utalia mpaka ziwa lipande tena."

Hapo kijana mmoja akapanda barazani, akakaa upande wa kijani, ambao haukuwa na mtu. Umri kama wa Trésor. Minye nilifikiri amekuja na wageni. Furaha alifikiri ni jirani yetu. Na kwetu, mgeni akishakaa, humuulizi "weye ni nani?" Ni kama kumfukuza. Tukampangia kete zake, tukacheza.

Kila mara kabla ya kutupa, aligonga ubao kwa dadu, ko, ko, kama mtu anayepiga hodi. Zamu yangu ilipofika akasema, "Mama, ni weye."

Furaha alicheka sana. Minye nabeba jina la bibi, ndiyo maana baba na shangazi wananiita mama. Lakini yeye, nani alimwambia? Haya ilinishika, nikainamisha kichwa.

Mama alinipokeza mihogo na samaki wadogo wa ndagala mlangoni. Tulikula watatu. Furaha alingoja sisi tumkaribishe mtu wetu, sisi tulingoja Furaha amkaribishe wa kwao. Kijana alitazama sahani, kisha akatazama dadu. Hakunyoosha mkono.

Mvua ilipopungua alisimama. Kete zake bado zilikuwa njiani. Alinitazama minye peke yangu.

"Mama, usinifunikie tena. Mulie, kisha mulale."

Akashuka, akapotelea nyuma ya ukuta wa jirani.

"Furaha, kaka yako huyo vipi? Haagi hata wazee?" Trésor aliuliza.

"Kaka yangu? Si ni wa kwenu?"

Uniamini, hakuna aliyecheka.

Niliingia saloni, minye ninayeogopa hata kusalimia wageni, nikasema yote. Nilipofika kwenye kule kugonga ubao, baba alifunika uso. "Hata kwenye mchezo wa dame alikuwa anagonga hivyo," alisema. Shangazi akapiga yowe. Bibi peke yake hakulia. Aliniuliza neno moja tu.

"Alikula?"

Weye ungejibu nini?

"Hapana, bibi."

Akafumba macho. Usiku ule hakufunika sahani.

Tangu hapo sisi watatu hatujacheza ludo tena, na chakula cha barazani sikigusi kabla wote hawajanawa mikono. Weye unayesoma, akija muntu kwenu, usingoje mwingine amkaribishe. Mnawishe mikono. Mambo ya ni wa nani mutauliza akishashiba, kama mutapata nafasi.

Asubuhi yake baba alisimamisha hema la kilio uani, na majirani wakaanza kuingia, wakiuliza ni nani amekufa. Bibi aligeuka, akanitazama minye. Nilisimama mbele ya watu wote, nikasema, "Ni baba mdogo Byamungu." Kisha nikakaa na bibi kwenye mkeka. Wakubwa walimlilia mtu waliyemkumbuka. Minye nilimlilia mtu niliyecheza naye jana.