Risasi Alizojaza Baba Mkwe

Mtu aliyenipiga risasi ananipenda kama mwanawe wa kumzaa. Kila nikienda kumwona ananishika mkono, anatazama chini, kisha anauliza, "Ilkka mwanangu, mguu umeuacha wapi?"

Namjibu ni mashine ya kupasulia kuni. Wiki nyingine namwambia ni trekta. Hakumbuki, kwa hiyo nabadilisha ili nisichoke mwenyewe.

Mnaotaka kucheka, chekeni. Mimi nimeshacheka na nimeshalia. Ila msikimbie kabla sijamaliza, maana kisa chenyewe hakiko kwenye mguu.

Mzee anaitwa Oiva, baba wa mke wangu Marjut. Tunaishi Kainuu, mashariki ya Finland, ambako msitu unaanzia mlangoni na jirani unamjua kwa sauti ya mbwa wake. Kila vuli kijiji kizima tunakwenda kuwinda kulungu wakubwa, wale wanaomzidi farasi kimo. Wachache tunaswaga na mbwa, na waliobaki kila mtu anakaa kwenye kituo chake na bunduki, akisubiri.

Kituo cha Oiva kilikuwa ukingoni mwa kinamasi. Alikaa hapo tangu Marjut hajazaliwa.

Huku mzee aliyechoka kuwinda anaachwa kambini kukoroga supu. Oiva alishatangaza mbele ya watu kwamba siku atakayokabidhiwa mwiko, tumchimbie na kaburi kabisa. Hakuwa anatania.

Risasi zake alijaza mwenyewe nyumbani. Anachukua maganda yaliyokwisha pigwa, anayasafisha, anatia fataki mpya kitakoni, kile kidude cha kuiwasha baruti, anapima baruti kwa mizani, halafu anashindilia kichwa cha risasi juu. Marjut alifundishwa kazi hiyo na yeye akiwa bado anahesabia vidole.

Na kuna mwiko mwingine, huu wa kukatazwa. Jirani wa huku atakuazima trekta, mashua, hata sauna yake, kile kibanda cha kuogea mvuke. Risasi alizojaza kwa mkono wake hakupi, na wewe huombi. Hata mke hagusi za mumewe.

Basi mwaka ule Oiva akaanza kupotea kidogo kidogo. Alimwita Marjut kwa jina la marehemu mama yake. Siku moja alichemsha kahawa bila kahawa, akatumiminia maji ya moto, na yeye akanywa yake hadi mwisho huku akituhadithia habari za mvua.

Tukaficha. Reijo, kiongozi wa uwindaji, angejua tu, mzee angepewa mwiko wa supu. Marjut alikuwa na hakika kwamba akishapewa huo, baba yake asingemaliza majira ya baridi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya msimu kufunguliwa, Oiva alikuwa sauna. Mimi namenya viazi. Marjut akaja na kiboksi cha risasi za baba yake, uso umempauka.

"Sikiliza hii." Akatikisa risasi moja sikioni kwangu.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Haina baruti."

Akatikisa nyingine, na nyingine. Kimya. Akaziweka kwenye mizani, zote nyepesi.

"Zote?" nikauliza.

"Zote! Hata fataki zimelowa mafuta. Maskini baba yangu, kasahau mpaka baruti."

"Mwambie basi azirudie."

"Nimwambie nini? Baba, akili imekwisha? Unataka kumuua?"

Nikamwambia afanye haraka kabla mzee hajatoka sauna.

Akafunga mlango wa chumba cha kujazia risasi, akazing'oa vichwa zote, akatia fataki mpya na kuzijaza upya, na machozi yanamtoka. Alipima kila moja kama alivyofundishwa. Akazirudisha kwenye kiboksi kilekile, kikakaa palepale kilipokuwa.

Oiva akatoka mwekundu, mvuke unampanda kichwani. Akala viazi vyangu, akavisema vimezidi chumvi. Marjut alikuwa na furaha kuliko siku zote za mwaka ule.

Siku ya kuwinda niliswaga na mbwa kupitia kinamasi. Nilivaa fulana ya rangi ya chungwa, ile inayoonekana hata na kipofu. Nikatokea upande wa Oiva, mahali ambapo natokea kila mwaka.

Mlio sikuusikia. Nilijiona niko chini kwenye matope, paja linawaka moto, mbwa ananilamba uso.

Reijo alifika mbio, akanifunga kwa mkanda wake. Oiva akaja nyuma yake, kofia mkononi.

"Haiwezekani," akasema. "Haiwezekani, haiwezekani."

Tulidhani ni mshtuko wa mzee.

Hospitali wakakata juu ya goti. Polisi wakauliza risasi kajaza nani, Marjut akasema ni yeye. Ikaandikwa ajali. Oiva akanyang'anywa bunduki, na haukupita muda akahamia nyumba ya kutunzia wazee mjini. Marjut alijilaumu, lakini alikuwa na neno la kushikilia: nilimsitiri baba yangu. Nami nilimwacha nalo.

Sasa njooni huku. Msimu huu wa kuchipua tulikwenda kumwona, Marjut akawa anakata mkate wa iliki kando ya dirisha. Nikasubiri swali langu la kila siku.

Halikuja.

"Ilkka," mzee akasema, "mguu ule niliuchukua mimi."

"Ilikuwa trekta, mzee."

"Acha uongo. Leo nipo." Akajigonga kichwa. "Sikiliza. Mwaka mmoja kabla yako, nilimlenga Reijo. Nilimwona ana pembe, Ilkka. Pembe kabisa! Kidole kiko kwenye kifyatulio. Alikohoa, ndiyo pona yake."

"Kwa nini hukusema?"

"Ili mnipe mwiko?" Akanikazia macho. "Nikajaza risasi tupu. Bila baruti hata chembe, na fataki nikaziua kwa mafuta. Nikasema nitakaa na wenzangu, nitashika bunduki yangu, na sitamuumiza mtu. Ndiyo maana siku ile nilivuta. Niliona kulungu. Nikasema hata kama ni mtu, hakuna kitakachotoka. Nilitaka kusikia tik tu, basi."

Nikageuka kumtazama Marjut.

"Sasa niambie wewe," akasema. "Ilitokaje?"

Nilimtikisia Marjut kichwa anyamaze. Hakunitazama. Aliweka kisu chini, akaja kupiga magoti mbele ya baba yake.

"Nilizijaza mimi, baba. Nilidhani umesahau."

Mzee akamtazama. Nikaona macho yake yanaanza kuhangaika, yanatafuta huyu ni nani na wanaongea nini. Halafu akatabasamu, akamshika mkono.

"Ulipima kwa mizani?"

"Kwa mizani, baba."

"Zikapiga sawa?"

Nikajibu mimi. "Zilipiga sawa, mzee."

"Safi sana, binti yangu," akasema. "Mkono wako haujawahi kukosea." Akaomba kahawa.

Marjut hakumwaga chozi pale. Alilia garini, nami sikuwa na neno la kumpa, maana lile alilokuwa ameshikilia lilikuwa limekwisha.

Mnaniuliza kila siku kama nimemsamehe mzee. Nimsamehe nini? Mwenye akili siku ile alikuwa yeye peke yake.

Wewe mwenye mzee nyumbani, nisikilize. Akisahau jambo moja, kasahau. Ukiona kaharibu yote, sawasawa, bila kubakiza, kaa naye chini umuulize. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, na ni kweli. Kwetu neno tuliliharibu sisi, kwa kumwonea huruma mtu ambaye hatukumuuliza.